Mshale Chini ya Sifuri: Vipima Ombwe katika Hewa ya Ntobeye

Geji yangu ya ombwe nilipoitoa katika boksi, ndani ya kibanda cha pampu kilichojengwa bondeni chini ya migomba ya Ntobeye, baada ya safari ya basi iliyoanzia Dar es Salaam ikapita Dodoma, Singida, Kahama na Nyakanazi, nikaifuta kwa kitambaa na kuielekeza kwenye mwanga wa mlango ili niutazame uso wake, niliona jambo lililonivunja moyo. Kwani mshale, ambao ulipasa kutulia juu ya sifuri maadamu chombo kilikuwa bado hakijafungwa kwenye bomba lolote, ulikuwa umelala chini ya sifuri kadiri ya inchi tano za zebaki, kana kwamba mtambo usioonekana ulikuwa ukiinyonya mkononi mwangu. Dukani, nilipokuwa nikiilipia, mshale huo huo ulisimama juu ya sifuri sawasawa. Nilidhani imepata dhoruba njiani. Kwa kuwa duka lilikuwa mbali na watu wa kilimani walikuwa wakingoja maji, niliifunga hivyo hivyo, nikakusudia kutoa tano katika kila hesabu nitakayoisoma. Lakini saa nane mchana, jua lilipolipasha bati la kibanda, tano zikawa sita na nusu, na alfajiri zikawa nne, hata nikakosa yakini ya namba yoyote.

Siku ya tatu alipita fundi mmoja mkongwe wa mitambo, mstaafu aliyerudi kijijini kulima kahawa. Nilimwamkia, nikamsimulia msiba wangu. Alinitaka niifungue geji kutoka bombani, akaipokea, akaigeuza mara mbili, kisha akaomba kisu. Juu ya mgongo wa geji palikuwa na kizibo kidogo cha mpira chenye chuchu. Akaikata chuchu ile, ikatoka pumzi fupi iliyosikika, na mbele ya macho yangu mshale ukapanda ukasimama juu ya sifuri.

"Mwanangu," akasema, "chombo hiki si kibovu. Kimekuja na hewa ya pwani tumboni."

Geji ya namna ile imejazwa gliserini ili mtikisiko wa pampu usiuchoshe mshale, na ili gliserini isimwagike safarini kasha lake huzibwa kabisa. Ndani ya kasha mna mrija mwembamba wa shaba uliopindwa kama mundu, ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliuwekea hati ya uvumbuzi mwaka 1849. Hewa inapoondolewa ndani ya mrija huo, nao ukazidi kugandamizwa kutoka nje, hujikunja zaidi, na mkunjo wake huvuta jino na gurudumu hata mshale ukasogea. Kwa hiyo geji hii, licha ya jina lake, haijui ombwe ni nini. Ijualo ni tofauti tu kati ya kilichomo ndani ya mrija na kilichouzunguka. Kasha langu lilizibwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari, likapandishwa hadi vilima vya Ngara, ambako hewa ya nje, iliyoingia mrijani kwa uwazi wa shingo ya geji, ilikuwa nyepesi kuliko hewa ya pwani iliyofungwa kashani. Tofauti ile ndiyo niliyoisoma, na joto la mchana lilipoitanua hewa iliyofungwa, tofauti ikakua. Msafiri yeyote aliyekunywa chupa ya maji huku Ngara, akaifunga tupu na kuishukia Dar es Salaam, ameiona imebonyea kama iliyokanyagwa. Ni habari ile ile, imegeuzwa kinyume.

Hewa ina uzito, na uzito huo hugandamiza kila kitu kilicho chini yake. Wanafizikia wetu huuita kanieneo ya hewa. Mwitaliano Evangelista Torricelli, katika miaka ya 1640, alionyesha kwamba penye usawa wa bahari kanieneo hiyo huweza kushikilia nguzo ya zebaki yenye kimo cha milimita 760, yaani karibu inchi 30, na tarehe 19 Septemba 1648 Florin Périer, kwa maagizo ya shemeji yake Blaise Pascal, alipanda na bomba la zebaki juu ya mlima Puy de Dôme huko Ufaransa, akaona nguzo imeshuka zaidi ya sentimita 8. Mlima ule una kimo cha mita 1,465. Vilima vya Wilaya ya Ngara, ambamo Ntobeye imo, vimesimama kati ya mita 1,200 na 1,800 hivi juu ya bahari, kwa hiyo jambo ambalo Périer alilipandia mlima kwa jasho ili alione, Wahangaza na Washubi huamka nalo kila siku bila kupanda popote. Na mama anayepika maharage anaijua hali hiyo kwa kuni zinazoteketea, kwani penye mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu za Selsiasi, na chungu hukawia kuivisha.

Katika kimo hicho cha mita 1,500 zebaki husimama kwenye milimita 634 hivi, yaani inchi 25. Pwani ya Ziwa Viktoria, pale Bukoba, penye mita 1,134, husimama kwenye inchi 26; na kwenye vilele vya mita 1,800 hubaki inchi 24. Nawasihi mafundi wa mkoa wetu wa Kagera waihifadhi hesabu hii kama wanavyohifadhi namba za spana, maana nimeona pampu njema ikitupwa kwa sababu yake. Uso wa geji umeandikwa hadi inchi 30, fundi anawasha pampu ya kufyonza, mshale unafika 25 na kukataa kuendelea, naye anaamua kwamba pampu imechoka, ilhali pampu ile imekwisha kuitoa karibu hewa yote aliyokuwa nayo Mola mahali pale. Hakuna mtambo duniani utakaoifikisha geji hiyo inchi 30 juu ya kilima cha Ntobeye.

Ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu, halina nguvu ya kuvuta. Wazee wanaoketi kuzunguka chungu cha pombe ya ndizi na mirija yao huipunguza tu hewa mdomoni, na hewa ya nje, ikigandamiza uso wa pombe, ndiyo inayoipandisha. Pampu ya maji iliyo juu ya kisima hufanya kama mzee huyo, na kwa kuwa hewa ya pwani huweza kusukuma maji juu kiasi cha mita 10.3, hewa ya Ntobeye haiwezi kuzidi mita 8.6; fauka ya hayo, kwa sababu ya msuguano wa bomba na tabia ya maji kuanza kugeuka mvuke yanapokosa kugandamizwa, mwenye hekima hatafuti zaidi ya mita sita. Pampu yetu ilikuwa mita nne juu ya maji. Kila mita ya maji ni karibu inchi 2.9 za zebaki, kwa hiyo mita nne ni inchi 11 na nusu na ziada kidogo, na msuguano ukiongezwa tukapata 13. Baada ya kuijua namba hiyo, geji iligeuka kuwa mlinzi wa kibanda. Mvua za masika zilipoleta majani na matope, mshale ulipanda 16, ukapanda 18, nasi tukajua chujio la chini linazibika kabla maji hayajapungua kwenye tangi. Na siku moja uliposhuka ukawa unatetemeka, tulitafuta mahali hewa inapoingilia, tukapaona kwenye maungio yaliyokosa tepu.

Sharti sasa nieleze jambo ambalo kwalo uchaguzi wa geji husimama au huanguka. Ziko kazi ambazo kwazo tofauti kati ya ndani na nje ndiyo inayotenda, na pampu ya maji ni mojawapo. Huko geji ya Bourdon ni shahidi wa insafu. Ziko kazi nyingine ambazo hewa ya nje haina neno ndani yake, na kinachotakiwa kujulikana ni kiasi cha kanieneo kilichobaki ndani ya chombo, kikihesabiwa kutoka kwenye utupu kamili. Geji zinazohesabu hivyo huitwa geji za kanieneo halisi, na ndani yake mna chumba kilichotolewa hewa yote na kuzibwa milele, ili mshale uwe na mahali pa kulinganishia pasipobadilika kwa kupanda wala kushuka mlima.

Mfano ulio bora wa kazi hiyo ya pili umo mkoani mwetu, katika bonde la Mto Kagera huko Missenyi, kwenye kiwanda cha sukari cha Kagera, ambacho kiliharibiwa katika vita vilivyoanza mwaka 1978 kisha kikajengwa upya. Sukari ikichemshwa katika hewa ya kawaida huungua, hupoteza weupe, na sehemu yake haigandi tena kuwa chembe. Kwa hiyo tangu Mwingereza Edward Charles Howard alipopata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1813, viwanda vya sukari duniani huchemsha shira ndani ya masufuria makubwa yaliyofungwa na kupunguzwa hewa, ili ichemke kwa moto mdogo. Joto la kuchemka hufuata kanieneo halisi iliyomo ndani. Mpishi wa sukari aliyejifunza kazi kiwanda cha pwani, akizoea kuona inchi 25 kwenye geji ya kawaida, amebakiza ndani inchi tano za kanieneo halisi, ambazo kwazo maji huchemka kwenye nyuzi 56 hivi. Akihamia kiwanda kilicho zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako hewa yote ni inchi 26, na akaitafuta 25 yake ileile, anataka ibaki inchi moja tu, kiasi ambacho maji huchemka kwenye nyuzi 26; atayachosha mabomba ya kupozea na pampu, na hata akifaulu shira itarushwa juu na kwenda na mvuke. Namba anayoitaka ni 21. Mwenye geji ya kanieneo halisi haihitaji hesabu hiyo, kwa kuwa chombo chake husema neno moja pwani na bara.

Kwenye vituo vya afya mizani hurudi upande wa kwanza, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwani ni mahali ambapo kosa la kipimo humfikia mtoto mchanga. Mashine ya kufyonza makamasi ya mtoto aliyezaliwa haifai kuzidi milimita 100 za zebaki, kiasi kidogo ambacho hewa ya Ntobeye inacho cha kutosha na kubaki. Lakini geji yenye hitilafu ya inchi tano, kama ile yangu, imekosea kwa milimita 127, zaidi ya kipimo chote. Kifaa cha kumsaidia mzazi kwa kikombe kinachoshikamana na kichwa cha mtoto kina hadhari nyingine. Miongozo ya uzazi hutaja kilo 0.8 kwa kila sentimita ya mraba, na pwani penye hewa ya kilo 1.03 kiasi hicho hupatikana kwa wepesi. Penye mita 1,500 hewa yote ni kilo 0.86, hivyo mkunga anayepampu kwa mkono anatakiwa kuitoa karibu yote, na kwenye mita 1,800 hubaki nafasi ya kilo 0.03 tu. Mshale ukikawia kufika, si lazima mpira uwe umetoboka. Mkunga anastahili kuelezwa hayo siku anaporipoti kazini, kabla ya usiku wa dharura.

Kazi ya friji iko mbali na hizi zote. Fundi anayetengeneza friji ya chanjo, ambayo imepasa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, hana budi kuyakausha mabomba yake kabla ya kuingiza gesi, naye huyakausha kwa kuyapunguza hewa mpaka unyevu uliojificha ugeuke mvuke na kutoka. Kiwango kinachotafutwa aghalabu ni mikroni 500, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita ya zebaki. Kiasi hicho ni kidogo mno hata mshale wa geji ya kawaida, uliokwisha kufika mwisho wake, hautofautishi kati ya mikroni 500 na 5,000. Fundi anayeutegemea huo anakisia. Chombo kinachofaa kilianza kwa Mjerumani Marcello Pirani mwaka 1906: uzi wa madini hupashwa moto kwa umeme, na kwa kadiri hewa inavyopungua ndivyo uzi unavyokosa cha kuupoza, na badiliko hilo hupimwa. Geji hizo za mikroni haziujali mlima. Hata hivyo huijali gesi, maana zimesanifiwa kwa hewa ya kawaida, na kwenye gesi nyingine husema namba nyingine.

Geji ya mikroni isifungwe karibu na pampu, ambako ombwe ni zuri daima na habari zake ni za kupendeza. Ifungwe upande wa mbali kabisa wa mabomba, ambako unyevu hukawia. Pampu ikizimwa na vali kufungwa, mshale ukipanda kidogo kisha ukatulia, unyevu bado upo; ukipanda bila kukoma, kuna tundu. Mafuta ya pampu yakiingia ndani yake huulaghai uzi, basi chombo kisimamishwe wima na kusafishwa kwa spiriti safi inayomiminwa na kumwagwa, bila kuchokolewa kwa kijiti wala pamba.

Kwa geji za mshale, anayechagua aitake ile ambayo namba ya kazi ya kila siku huangukia sehemu ya kati ya uso, akumbuke kwamba alama ya 1.6 iliyoandikwa usoni maana yake ni kosa linaloruhusiwa la asilimia 1.6 ya uso wote, hivyo uso mpana kupita haja ni hasara ya usahihi. Penye ombwe na msukumo kwa zamu, hufaa geji ya pande mbili yenye sifuri katikati. Chini ya mabapa ya tabo za maji, kama zile za mtambo wa Rusumo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanaugawana kwenye Mto Kagera, kanieneo huweza kushuka hata maji yakatoa vipovu vinavyoyatafuna madini, na mahali kama hapo mwangalizi anataka kuona pande zote mbili. Zebaki yenyewe, iliyotufundisha haya yote, tuiage: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeiondoa katika vipimo vya namna hii kwa sumu yake, na bomba la kioo la zebaki lililosahaulika kwenye karakana lisichezewe.

Kufunga geji ni kazi ya subira. Spana ishike shingo ya mraba, kwa maana anayeikaza kwa kulizungusha kasha huupinda mrija ndani. Tepu izungushwe mara mbili au tatu, na uzi wa kwanza wa tredi uachwe wazi ili vipande visiingie tunduni. Vali ndogo itangulie chini ya geji ili iweze kufunguliwa mtambo ukiwa kazini. Bomba lake lielekee kwa mteremko kurudi kwenye chombo, matone yasije yakakaa humo na kuongeza uzito wao kwenye hesabu. Na kwenye sufuria la sukari tundu liwe juu, penye mvuke, mbali na shira inayoganda. Chuchu ya kizibo ikatwe baada ya geji kusimama wima, gliserini isije ikamwagika.

Matunzo yanataka daftari zaidi ya vyombo. Kila mwezi geji itengwe na bomba, ipumue hewa ya nje, na sifuri yake iandikwe. Na angalau mara moja kwa mwaka ipelekwe kwenye ugezi, huduma ambayo Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, hutoa kwa vipimo vya viwandani. Anayetaka kulinganisha kwa kipima hewa asichukue namba ya taarifa za hali ya hewa kama ilivyo, kwani kwa desturi hurekebishwa iwe kama mahali pote pako usawa wa bahari, na kwa Ntobeye ingempotosha kwa inchi tano zile zile. Aulize kanieneo ya kituo chenyewe. Wala asishangae akiona hewa ya tropiki ikipanda na kushuka kidogo mara mbili kwa siku, ikiwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini karibu saa kumi. Basi aichague saa moja ya kupimia na kuishika.

Katika kibanda cha bondeni, pembeni mwa geji, fundi yule mkongwe alining'iniza kipande cha bati na kukiandika kwa rangi nyeupe: Ntobeye, ombwe lote inchi 25, pampu ikifanya kazi, 13, ikifika 18, safisha chujio. Chini yake zimo tarehe za kukagua sifuri, kwa penseli, kwa mwandiko wake, na kuanzia mstari wa kumi na tatu kwa mwandiko wangu.